Bibi Suuza Hatii Sahihi

Barua yenyewe ilikuwa fupi, mistari sita tu, na chini yake mstari mtupu wa kuweka sahihi. Bibi Suuza aliisoma akiwa amesimama, maana hakuna aliyemwambia aketi. Aliisoma mara ya kwanza kwa macho. Mara ya pili aliisoma kwa kidole, neno kwa neno, kama alivyofundishwa darasa la tatu na mwalimu aliyekuwa hana mchezo. Barua ilisema kwamba yeye, muosha vyombo wa maabara, anakiri kuingia chumba cha maandalizi bila kofia wala glavu, na kwamba nywele zake na ngozi yake ndizo zilizochafua sampuli za damu za watoto arobaini na wawili. Akitia sahihi, atahamishiwa kufagia uwanja. Asipotia, kazi basi.

"Hapa chini tu, Bibi," alisema Katibu wa ofisi, mama mtu mzima asiyependa kelele, huku akimsogezea kalamu. "Saini yaishe."

"Yaishe kwa nani?"

"Bibi jamani..."

"Nakuuliza wewe, mwanangu. Yaishe kwa nani?"

Katibu akainamisha macho. Bibi Suuza aliilaza kalamu juu ya meza taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akaikunja barua mara mbili, akaitia kifuani.

Profesa, mkuu wa maabara, akavua miwani yake nyuma ya meza. "Hiyo ni barua ya ofisi, huondoki nayo."

"Ina jina langu, Profesa. Hili jina nilipewa na baba yangu, si na ofisi."

"Una mpaka Ijumaa saa sita mchana."

"Ijumaa siyo mbali," alisema Bibi Suuza, akatoka. Mlango hakuubamiza. Aliuacha wazi, na hilo lilimuudhi Profesa kuliko kuubamiza, maana ilibidi ainuke mwenyewe akaufunge.

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Jina la Bibi Suuza, tofauti na lile la kwenye barua, hakuzaliwa nalo. Alilipata kwenye sinki la ghorofa ya pili, mwisho wa korido ile ndefu ambayo rangi yake imechubuka usawa wa kiuno kwa kusuguliwa na matoroli, na majokofu yamepangwa upande mmoja yakinguruma kutwa. Miaka ishirini na minne alisimama pale. Vijana walikuja na vyeti vyao vimekunjwa vizuri kwenye bahasha, na siku ya kwanza tu wangemimina sabuni kwenye chupa. Yeye angewapokonya chupa mkononi. "Vyombo vya mashine havioni sabuni! Suuza! Suuza tena! Unadhani hii ni sufuria ya nyumbani kwenu?" Kisha angewaeleza, maana hakuwa mchoyo wa maneno: sabuni haitoki yote kwenye kioo, na mashine ya ndani, ile kubwa kama kabati la nguo, huiona sabuni kabla haijaona kitu kingine chochote. Chupa husuuzwa kwa maji yaliyochujwa mara saba, hupinduliwa kwenye kichanja, na hazipanguswi kwa kitambaa, maana kitambaa nacho huacha nyuzi. Hayo hakuyasoma popote. Aliyapata kwa kusikiliza, na kwa kuona yanayoharibika.

Kabla ya hapo, tangu alipomaliza darasa la saba, alikuwa kwenye kiwanda cha mablanketi. Miaka kumi na mmoja akichambua sufu ya kondoo, akiipanga kwa urefu na ulaini, mpaka vidole vyake vikawa vinasoma sufu kuliko macho yanavyosoma gazeti. Ndiko alikoolewa, na ndiko alikozalia mtoto wake mmoja, wa kike.

Mtoto yule alifika miaka tisa. Mwaka wa tisa akaanza kunywa maji kama anayamimina mchangani. Kata moja, kata ya pili, hata maji ya beseni la kufulia aliyanywa alipoona amechelewa kupewa. Akaanza kukojoa kitandani, yeye aliyeacha akiwa na miaka miwili. Akakonda mpaka gauni la shule likawa linamning'inia kama limeanikwa. Pumzi yake ikawa na harufu ya tunda lililoiva kupita kiasi. Zahanati ikasema malaria. Majirani wakasema jicho la mtu. Hospitali ikasema mtoto hana nguvu, wakamtundikia chupa ya maji ya sukari, na mama yake akakaa kando ya kitanda akihesabu matone na kushukuru. Siku ya tatu akamzika.

Miaka mingi baadaye, akiwa sinkini, ndipo alipojua chupa ile ilikuwa nini: sukari juu ya sukari. Waliokuwa wakizungumza nyuma yake walikuwa wakizungumza habari za watu wengine kabisa. Chupa aliyokuwa ameishika hakuiangusha. Aliisuuza mara saba, akaipindua kichanjani, akaenda chooni, akafunga mlango. Alipotoka alikuwa Bibi Suuza yuleyule, ila tangu siku hiyo hakuna chombo cha watoto kilichopita mkononi mwake kikiwa na doa. Sababu hakumwambia mtu. Huruma za watu aliziona kama nguo ya kuazima: haikukai vizuri, na mwenyewe anakutazama kila ukipita.

Aliyemweleza maabara ile inafanya kazi gani alikuwa Fundi Mizani, mtunzaji wa ile mashine kubwa, mwanamume mwenye mvi, mwoga wa wakubwa na mpole kwa wadogo. Walimwita Mizani kwa sababu mashine yake kazi yake ni kupima uzito, lakini uzito wa vitu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona.

"Mwili una askari wake, Bibi," alimwambia siku moja, wakinywa chai kwenye ngazi. "Wanaitwa kingamwili. Kazi yao kupigana na vijidudu. Sasa kwa watoto hawa wa kisukari, askari wamewageukia wenye nyumba. Wanazivamia chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, wanaua moja moja. Zikiisha, sukari inajaa kwenye damu, na mtoto anakauka huku anakunywa."

"Na hao askari wanamtafuta nani humo ndani?"

"Hapo ndipo kazi yetu ilipo. Wanazitafuta protini fulani fulani za mwili wenyewe. Nne tano tunazijua. Lakini wapo watoto wanaumwa, na askari wao hawagusi hata moja ya hizo. Ina maana ipo nyingine hatuijui."

Basi wakaitafuta hivi. Huchukua majimaji ya damu ya mtoto, huzinasa zile kingamwili kwenye punje ndogo ndogo, halafu hupitisha juu yake protini za kongosho. Askari hukamata wanachokichukia. Kilichokamatwa huoshwa, hukatwa vipande, na mashine huvipima vipande uzito. Kisha kompyuta hufungua kitabu kikubwa cha uzito wa protini zote, ikasema: hiki ni fulani, hiki ni fulani. Mtoto mmoja hatoshi. Wanalinganisha watoto wengi, wagonjwa kwa wazima.

Na damu ya wale arobaini na wawili haikuwa damu ya kuchezea. Ilitolewa siku ileile mtoto alipogunduliwa, kabla ya sindano yake ya kwanza ya insulini, maana akishachomwa, askari huanza kuishambulia na ile ya sindano, na ukweli unachanganyika. Siku hiyo ikipita hairudi. Ilikusanywa kwa miaka minne. Nusu yake ikapelekwa kwenye mashine, na mashine ikatoa jibu moja kwa watoto wote: nywele. Nywele na nywele. Protini za nywele, keratini, zimejaa mpaka zile ndogo zinazotafutwa hazionekani, kama mtu anayenong'ona sokoni.

Wakaulizana nani huingia chumba kile. Wenye vyeti wakatazamana, na macho yao yote, bila kuambizana, yakaenda mpaka sinkini.

Nyumbani Bibi Suuza alikaa na wifi yake, dada wa marehemu mume wake, mwanamke mwenye mdomo mrefu kuliko uzi wa cherehani yake. Jioni ile wifi aliisoma barua akaitupa kitandani.

"Tia sahihi, wifi. Uwanjani nako kuna hewa."

"Hewa nitapata nikifa."

"Ukifukuzwa utashinda hapa na mimi, asubuhi mpaka jioni?" Wifi akajishika kichwa. "Ewe Mola, ninusuru! Nitahama mimi."

"Hama. Cherehani uiache."

Wakacheka. Kisha wifi akakata uzi kwa meno. "Lakini niambie kweli, mke wa kaka yangu. Hukuingia kichwa wazi hata siku moja?"

Bibi Suuza akamtazama. "Umeniona mimi kichwa wazi lini tangu nimzike mwanangu?"

Wifi akakitazama kitambaa alichojifunga wifi yake kichwani. Kitambaa kile cha pamba, kilichofungwa kwa nguvu mpaka kwenye nyusi, yeye mwenyewe ndiye aliyekishona pindo.

"Basi usitie," alisema mwishowe. "Wakikufukuza, nitavumilia uso wako."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya kufua makoti meupe. Hiyo nayo ilikuwa kazi ya Bibi Suuza. Aliyatoa kwenye ndoano moja moja, akageuza mifuko, akakung'uta kola, akapitisha kidole kwenye pindo za mikono. Alikuwa akifanya hivyo kila wiki na mawazo yako mbali. Wiki hii mawazo yalikuwa pale pale. Kwenye pindo za koti moja kidole chake kikasimama.

Vinyweleo vya kahawia, vimejisokota kidogo. Kila Alhamisi alikuwa akivitoa kwenye koti lile na kuvitupa. Leo hakuvitupa. Alivilowesha kwa maji ya moto, akatia sabuni kidogo, akavisugua kati ya kidole gumba na cha shahada. Nywele za mtu ungezisugua mpaka kesho zingeteleza tu. Hivi vilishikana, vikawa kijidonge kigumu kama punje ya pilipili manga. Miaka kumi na mmoja ya kiwandani ikamwambia jina la kitu kile kabla hajauliza.

Akaligeuza koti kutazama namba iliyoandikwa kwenye kola. Namba moja.

Alimkuta Fundi Mizani kwenye chumba cha mashine, kile chenye baridi ya makusudi, amevaa makoti mawili.

"Fundi. Hiyo mashine yako inamjua kondoo?"

Fundi akacheka. "Bibi, umeanza lini utani asubuhi?"

"Sina utani. Imesema ni nywele za mtu. Je, kondoo inamjua?"

Kicheko kikamwisha Fundi taratibu, kama taa ya mafuta inayoishiwa. "Mashine inapima uzito tu. Anayetaja jina ni kompyuta, na kompyuta inatazama kitabu."

"Kitabu cha nani?"

"Cha binadamu. Kwa nini tuipe cha kondoo? Damu ni ya watoto, kongosho ni la mtu."

"Kwa hiyo ukiipa kitu cha kondoo itasema nini?"

"Itatafuta..." Akaitazama skrini. "Itatafuta mtu anayefanana naye zaidi. Keratini za kondoo na za mtu zinakaribiana sana. Itasema nywele za mtu."

"Hamjaiuliza."

"Hatujaiuliza."

Bibi Suuza akaweka kile kijidonge juu ya karatasi mbele yake. "Iulize."

"Bibi, umekitoa koti gani hiki?" Alipoambiwa, Fundi akarudi nyuma hatua moja. Sweta la kahawia la Profesa lilijulikana jengo zima, zito, la sufu halisi, na Profesa hakulivua tangu vyumba vya ndani vilipowekwa baridi. "Unataka mimi nikamwambie Profesa kwamba ni yeye? Nina watoto wanasoma, Bibi!"

"Nani kakutuma kusema? Wewe iulize mashine. Kusema ni kazi yangu, mdomo ninao."

"Na sampuli? Siwezi kugusa nusu iliyobaki."

"Si ulishapima? Uzito si umo humo kwenye kompyuta? Ongeza kitabu cha kondoo, ifungue upya."

Ndicho hasa ambacho kingefanywa, na mtu wa darasa la saba amekisema akiwa na maji ya sabuni mkononi. Fundi akageukia kompyuta. Kwa kuwa mtu mwoga naye ana siku yake, akaongeza kitabu cha kondoo, na jina lake akaliandika chini ya kazi hiyo.

Ijumaa saa sita kasoro dakika tano Bibi Suuza aliingia ofisini. Safari hii alivuta kiti akaketi. Katibu alikuwepo na daftari lake, Profesa yupo na sweta lake, na Fundi Mizani amesimama karibu na mlango ameshika karatasi kama mtu aliyeshika kaa la moto.

"Umesaini?" aliuliza Profesa.

"Fundi, soma."

Fundi akasoma. Kompyuta ilipopewa vitabu viwili, sehemu kubwa ya keratini ilihama kutoka kwa mtu ikaenda kwa kondoo. Vilikuwapo vipande ambavyo mtu hana kabisa, vya kondoo tu. Ngozi ya mtu ilibaki kidogo, kama inavyobaki kila siku, maana watu ni watu.

Profesa akaichukua karatasi, akaisoma mwenyewe, akageuza nyuma kana kwamba jibu zuri limeandikwa upande ule.

"Sweta ziko nyingi humu," alisema.

"Ziko," alisema Bibi Suuza. "Nafua makoti yanayozifunika. Sweta la Fundi ni nailoni. La yule binti wa majokofu ni pamba. La sufu ni moja." Akaweka kijidonge mezani. "Nimekitoa kwenye mkono wa koti namba moja."

"Mimi siingii chumba kile kila siku."

"Lakini sampuli hizi aliziandaa nani?"

Kila mtu alijua. Profesa aliziandaa kwa mikono yake mwenyewe, siku nne mfululizo, kwa sababu damu ile ilikuwa ya thamani kiasi kwamba hakumwamini mtu mwingine kuigusa. Mikono ya koti ilikuwa mifupi kuliko mikono ya sweta. Glavu alivaa, kofia alivaa, na juu ya mirija iliyo wazi, hapo katikati ya glavu na koti, sufu ikawa inachungulia.

"Nilitaka isiharibike," alisema Profesa kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee. "Damu ile hatuipati tena."

"Najua hamuipati tena." Hapo Bibi Suuza angeweza kuwaambia kwa nini anajua. Jina la mwanawe lilimfika mpaka kwenye ulimi. Akalimeza. Hakuja kuomba kitu kwa kifo cha mtoto wake. Alikuja na haki mkononi. "Kukosea umekosea kama mtu yeyote. Lakini ulipoona nywele hukuuliza nywele za nani. Ulitafuta tu nani hana cheti."

Profesa akanyoosha mkono. "Nipe ile barua niichane. Tusahau."

"Mimi sisahau. Ukoo wetu wote hatusahau." Aligusa kifua chake, pale barua ilipolala. "Hii nakaa nayo. Wewe niandikie nyingine."

"Nyingine ipi?"

"Inayosema kilichotokea na nani alikifanya. Nusu ya damu imebaki, mnataka kuipima wiki ijayo. Vyombo vyake sisuuzi hata kimoja mpaka barua hiyo isomwe kwenye kikao cha Jumatatu, mbele ya walionitazama."

"Unanipa masharti?"

"Ulinipa mpaka Ijumaa. Mimi nakupa mpaka Jumatatu, nimekuongezea."

Katibu akakohoa, akajificha nyuma ya daftari.

Barua ya kwanza ililetwa sinkini alasiri ileile. Bibi Suuza aliisoma kwa kidole. Ilisema kulitokea hitilafu. Akamrudishia Katibu. "Hitilafu ilitokea yenyewe? Ilipanda ngazi kwa miguu yake?" Ya pili ikaja ikisema mmoja wa watumishi alivaa vazi lisilofaa. "Nilipoandikwa mimi, jina lilijulikana. Leo halijulikani?" Katibu hakulalamika. Alipanda na kushuka korido ile na karatasi, na kila akirudi hatua zake zilikuwa nyepesi zaidi.

Nusu ile ya damu ilipimwa wiki iliyofuata, sweta zote zikiwa zimetundikwa nje ya mlango, na kati ya zile protini ndogo ikaonekana moja iliyokamatwa na askari wa watoto tisa wagonjwa na haikukamatwa na wa mtoto mzima hata mmoja. Fundi Mizani mpaka leo hasemi ni yenyewe. Anasema wapatikane watoto wengine, wapimwe tena, na Bibi Suuza humwambia hivyo ndivyo mtu anavyopaswa kusema.

Lakini Jumatatu hayo yalikuwa bado. Jumatatu chumba cha mikutano kilijaa, wenye vyeti mbele, wasio navyo wamesimama ukutani. Bibi Suuza alisimama mlangoni na aproni yake ya mpira, mikono imekunjwa. Profesa akainuka na karatasi ya tatu. Alisoma kwamba yeye, mkuu wa maabara, ndiye aliyezichafua sampuli kwa sweta lake la sufu. Alisoma kwamba alimshutumu muosha vyombo bila kuchunguza. Mstari wa tatu, ule wa kuomba radhi, aliusoma haraka na chini chini, macho yakiwa kwenye viatu.

"Profesa," ilisikika sauti kutoka mlangoni. "Rudia hapo. Waliokaa nyuma hawajasikia."

Watu wakageuka. Hakuna aliyecheka. Profesa alimtazama, akaona yule mwanamke hatoki mlangoni pale, si leo wala kesho.

Akakohoa, akainua karatasi, akarudia.